Mchoro Ulioelekea Kitandani

Mwanamke mmoja, fundi redio, alikuwa akisanifu antena kwenye kompyuta, nyaya mbili tu zilizonyooshwa, ili kituo kidogo cha redio cha kijiji chao kisikike hadi zahanati ya ng'ambo ya mto. Programu humchorea jinsi mawimbi yatakavyoenea kabla hajakata hata waya mmoja. Mchoro ulipaswa kuwa kama namba nane iliyolala. Asubuhi ile upande mmoja ulivimba, ukaelekea chumba alicholala binti yake mwenye homa.

Akadhani amekosea vipimo. Akafupisha nyaya, akajaribu tena. Uvimbe haukusogea. Ndipo akamsikia mtoto akikwaruza kooni kama redio iliyopoteza stesheni, na harufu ya shaba iliyoungua ikatanda nyumba nzima, ilhali hakuna kilichokuwa kikiungua.

Akamhamishia mtoto sebuleni. Mchoro ukageuka, ukamfuata. Akachomoa umeme, akatoa na betri, lakini kioo cha kompyuta kiliendelea kuwaka, na ule mkwaruzo kooni mwa mwanawe ukaanza kupata silabi, moja baada ya nyingine, kama mtu anayejifunza kusema.

Daktari aliyemwona hakupata ugonjwa. Mama mkwe wa fundi akaenda kumleta mganga. Mzee yule aliketi kando ya mtoto akasoma kwa sauti ya chini, jasho likimchuruzika, mpaka akakatiza kisomo, akasema kwamba jini amekataa kutoka, kwa kuwa hakuvamia, aliitwa.

"Nimemwita saa ngapi, baba?" fundi alinong'ona. "Nilikuwa nachora tu."

"Anasema ulimchorea njia. Sasa anataka mwili wa kusemea."

Mama mkwe akamshika mkono, akamsihi asijibu kitu. Lakini fundi alikuwa akimtazama mwanawe, midomo imepauka, kifua kikipanda na kushuka kwa taabu, kila pumzi ikichelewa kuliko iliyotangulia, hata akahisi kwamba inayofuata haitakuja.

"Achukue wangu," akasema.

Harufu ikakatika papo hapo. Mtoto akapiga chafya, akafumbua macho, akaomba maji. Bibi yake akaangua kilio cha furaha. Fundi akamkimbilia binti yake, akamkumbatia, akataka kumwambia mwanangu niko hapa, na neno likamfika kooni, kisha likasukumwa kando, na maneno mengine yakapita.

Mtoto akajivuta nyuma, akaung'ang'ania mkono wa bibi yake.

"Bibi," akanong'ona, "nani huyu anayeongea kwa mdomo wa mama?"