Tanuru Lililouliza Jina

Kipimajoto kilionyesha nyuzi mia tisa, na plagi ya tanuru ilikuwa imelala sakafuni. Leonia aliitazama plagi, akatazama namba, kisha akamtazama Flavian, fundi wake.

"Umewasha saa ngapi?"

"Sijawasha, dada. Si umenikuta hapa mlangoni?"

"Kwa hiyo limejiwasha lenyewe?"

Ilikuwa siku ya tatu mfululizo, saa saba ile ile ya mchana. Leonia alikuwa anasomea shahada ya pili ya uhandisi, na katika karakana hii ya kupanga pale mtaa wa Malangali, huku Ufipa, alichoma matofali ya kuhimili moto. Udongo wake aliutoa kwenye ilungu, lile tanuru refu ambalo Wafipa wa kale waliyeyushia chuma. Matofali yakifaulu, naye amefaulu. Flavian naye aliitegemea kazi hiyo, maana mkewe, Scola, alikuwa mjamzito.

Lakini Leonia alishakata shauri. Kikulacho ki nguoni mwako. Nani mwingine ana ufunguo? Bila shaka jamaa anachoma vitu vyake kwa siri na kumharibia vipimo. Barua ya kumfukuza alikwisha kuiandika kichwani, neno kwa neno.

"Dada," Flavian akanong'ona, "jana nilisikia mtu anahema humo ndani. Mwanamke. Anahema kama mwenye uchungu. Na hii harufu huisikii?"

Aliisikia. Chuma cha moto, na nyuma yake damu. Akajifanya haisikii.

"Nipe ufunguo. Kesho usije."

Kesho yake alijifungia peke yake, akakaa kwenye stuli, plagi kaipakata mapajani ili asidanganywe na mtu. Ilipofika saa saba kipimajoto kikaanza kupanda, mia, mia tatu, mia saba, na kutoka ndani ya tanuru ikaja pumzi, fuu, fuu, taratibu kwanza, halafu kwa haraka, kama mivukuto inayovutwa na watu wasioonekana, na ile harufu ikajaa chumbani hadi akaionja ulimini, na pumzi ikageuka sauti ya mwanamke, nayo ikasema kwa Kifipa kile cha zamani alichokisikia mara ya mwisho kwa marehemu bibi yake: nani aliyenifunua?

Sasa tuseme kweli. Bibi Bertilla, mwenye shamba lenye lile ilungu, aliwaambia wachukue mavi ya chuma, yale mabaki ya kuyeyushia, na udongo wa kuta, ila sakafu wasiiguse. Flavian akaenda kupakia magunia garini. Ni Leonia aliyepiga magoti akachimba, akatoa chungu kidogo cha dawa walichozika wahunzi, akakisaga na kukichanganya na udongo wa matofali yaliyokuwa sasa tanurini. Utafiti unataka udongo wa chini, alijiambia. Hakumwambia mtu.

"Ni Flavian," akasema Leonia.

Pumzi ikakata. Namba zikaporomoka. Mungu amsamehe, jambo la kwanza alilosikia moyoni ni nafuu.

Haikupita nusu saa, Scola akapiga simu, analia. "Dada Leonia, mume wangu anaungua! Si homa hii! Nikimmwagia maji yanachemka mgongoni!"

Leonia akampigia Bibi Bertilla.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umechimba."

"Nimechimba, bibi. Limeniuliza, nikamtaja mwenzangu. Nitafute mganga?"

"Mganga wa nini? Wazee wetu walilitunza ilungu kama bibi harusi. Wewe umemvua nguo, kisha umempa jina la mtu mwingine. Jina anaondoa aliyelitoa. Rudi ukaseme."

"Nikisema, mimi itakuwaje?"

"Mke wa huyo kijana, mimba yake ina miezi mingapi?"

"Minane."

"Haya, mjukuu wangu."

Leonia akalia kwa aibu na woga, moyo wake ukimwambia kimbia, panda basi, potea. Hakupanda basi. Alipiga magoti mbele ya tanuru, akaegemeza paji la uso kwenye mlango wa chuma uliokuwa baridi kabisa.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi Leonia niliyekufunua. Flavian hakuona wala hakujua. Mwache."

Alingoja mpaka magoti yakamuuma. Simu ikaita.

"Ametulia!" Scola alikuwa analia na kucheka. "Anatetemeka kwa baridi, dada! Anaomba blanketi!"

"Mfunike vizuri," alisema Leonia. "Mwambie anisamehe."

Nje ulikuwa mwezi wa sita, upepo wa Ufipa unakata masikio, watu wanapita wamejikunyata ndani ya makoti. Leonia alikuwa ameshavua sweta, na sasa alikuwa anafungua vifungo vya blauzi.