Jino la Amondi Lililolala Mfupani

Binti yangu Amondi alikuwa na miaka kumi na minne. Akicheka, alifunika mdomo kwa mkono. Alikuwa na pengo juu, mahali pa jino la chonge. Pengo hilo lilininyima usingizi. Nikikaanga samaki wa kuuza mtaani Kariobangi, nililifikiria. Nikifua, nililifikiria.

Fundi mmoja wa meno mtaani akaniambia, "Mlete Jumamosi nimvalishe waya. Pengo litafungwa." Ijumaa sikukaa, sikutulia.

Jirani yangu Asenath hupiga eksirei kwenye kliniki ya meno Donholm. Jioni hiyo nikamweleza.

"Huyo fundi amepiga picha?" akauliza.

"Picha ya nini? Si pengo linaonekana!"

"Pengo unaliona. Ndani ya mfupa unaona? Huenda jino limo, limekwama. Ukifunga nafasi yake, litatokea wapi? Linaweza hata kuharibu mzizi wa jino la jirani."

"Na miale je? Haitamdhuru mtoto?"

"Ni kidogo sana, na hatupigi ovyo. Daktari kwanza aone inahitajika. Haraka haraka haina baraka, Mama Amondi."

Jumamosi tukaenda kliniki badala ya kwa fundi. Daktari Andati alimkagua Amondi mdomoni, kisha akaniuliza, "Alipokuwa mdogo, aliwahi kung'olewa jino?"

"Hapana," nikajibu haraka. Nikakwepa macho yake.

Daktari akaagiza picha, na Asenath akamsimamisha Amondi kwenye mashine. "Uma hapa. Usitikisike." Mashine ikamzunguka kichwa sekunde chache tu, kwisha. Picha ikatokea kwenye kompyuta. Jino la chonge limelala ubavu, ndani ya mfupa!

"Mathe, kumbe liko!" Amondi akasema. "Na uliniambia sikuzaliwa nalo."

Sikuweza tena. Nikalia.

"Daktari, nilikudanganya. Akiwa na miezi mitano alihara sana. Majirani wakasema ni meno ya plastiki yaliyo ufizini ndiyo yanamharisha. Mzee mmoja akamchokoa ufizi kwa spoki ya baiskeli. Mimi ndiye niliyemshika miguu."

Nilitaka ardhi inimeze. Amondi akanishika bega. "Mathe, hukujua."

"Meno ya plastiki hayapo," daktari akasema. "Lile alilolichokoa mzee ni jino changa la utotoni, lilikuwa bado halijaota. Huenda kuchokolewa ndiko kulikopindisha hili la ukubwani. Siwezi kuapa. Lakini sasa tunajua lilipo. Tutafungua ufizi kidogo, tulivute kwa waya polepole."

Polepole! Kwangu mimi mwenye haraka! Ilichukua karibu miaka miwili, na nilihesabu kila mwezi. Lakini jino lilishuka mahali pake. Siku hizi Amondi akicheka, mikono yake iko mfukoni.

Wiki iliyopita mtoto mchanga wa Nasambu, jirani wa chini, alihara. Nikamsikia nyanya yake akiulizia mtu wa kuchokoa meno ya plastiki.

Sikuvaa hata viatu. Nilishuka ngazi mbio, nikamwambia Nasambu, "Lete mtoto, twende hospitali. Huyu hatashikwa miguu na mtu."