Mstari wa Rangi ya Kucha

Saa 2:05 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha gereji kilikuwa na meza moja. Juu yake Bwana Saa alikuwa amepanga nati kuwa barabara na kiberiti kuwa duka la dhahabu. Jina hilo alilipata siku alipomvunja mtu vidole kwa kuchelewa dakika nne.

"Saa nne na nusu msafara wa magari ya zamani unapita hapa," alisema. "Sisi tumo katikati yao. Mbele ya duka tunajifanya tumeharibikiwa. Fundi anainua boneti. Nani atashangaa gari kuukuu likigoma? Mimi na Bubu tunaingia. Dakika tatu. Tukitoka, Shemeji anakanyaga moto."

Shemeji, dereva, aliitikia kwa kichwa. Alimwoa dada yake Fundi, na genge zima likalidaka jina. Bubu hakuitikia. Bubu alisemewa na bastola.

Uani, gari lilikuwa limeachwa likinguruma ili lipate moto.

Pah!

Wote wakainama, isipokuwa Fundi.

"Kabureta," alisema.

"Jana lilikuwa zima."

"Jana, ndiyo."

"Basi litibu," Bwana Saa alisema taratibu. "Likitufia njiani, mmoja wenu atalifuata."

Saa 2:20.

Lilikuwa gari jekundu la michezo, la milango miwili, lenye umri mkubwa kuliko yeyote aliyelipanda. Fundi alilipenda kijinga. Injini ilipanda na kushuka yenyewe bila mguu wa mtu. Ukiichochea ghafla, ilikohoa kupitia kabureta na kutema mwali. Hewa nyingi, petroli haba. Fundi mwenye pupa angekimbilia kupanua jeti, kitundu kinachopitisha petroli. Yeye alichukua kopo la oili, akadondosha tone moja moja kuzunguka kitako cha kabureta. Injini ikatulia. Hapo ndipo ilipokuwa ikivuta hewa ya wizi.

Kila nati aliyoikaza aliichora mstari wa rangi ya kucha, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma, kwa kichupa alichompora dada yake. Nati ikisogea, mstari unakatika. Miwili ilikuwa imekatika, robo duara kila mmoja, sawasawa. Mtikisiko haupimi namna hiyo.

Akatazama ukutani. Spana namba kumi na tatu ilitundikwa mdomo ukielekea kushoto. Katika genge lile, mtu wa mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu: Shemeji.

Dada yake alikuwa na mimba ya miezi minane. Akisema, Bubu angemaliza kazi hapo hapo uani. Akinyamaza na kuliacha, gari lingekufa njiani, na bastola ingekuwa ile ile. Funika kombe, alijiambia, mwanaharamu apite. Akazikaza nati zote mbili, akachora mistari mipya.

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yake.

"Umeona nini, shem?"

"Gasketi imechoka."

"Ungeliacha tu. Gari la zamani halikosi kikohozi."

Nikiliacha utakufa wewe, Fundi alitaka kumwambia. Lakini Bwana Saa alikuwa tayari akifungua mlango wa mbele, mfuko mtupu begani. Fundi akafuta mikono.

Saa 4:31.

Boneti juu. Watu wakacheka, mmoja akapiga picha. Fundi aliinamia injini isiyo na kasoro akijifanya anatafuta ugonjwa.

Saa 4:34.

Bwana Saa na Bubu walitoka wakitembea, mfuko umejaa. Boneti chini. Fundi akajibana nyuma pamoja na Bubu. Gari likachomoka, sauti yake safi kama siku lilipotoka kiwandani.

Saa 4:37.

Kwenye njia panda ya kituo cha mafuta, Shemeji akaachia moto. Akakanyaga kwa ghafla. Akaachia tena. Alikuwa akisikiliza. Injini iliitikia kila mara bila kusita.

"Unacheza nini?" Bwana Saa aliuliza.

Shemeji alimtazama Fundi kwenye kioo. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni. Kisha mkono wake ukashika ufunguo na kulizima gari.

Kimya.

"Amezima," Bwana Saa alisema. "Kwa mkono wake."

"Subiri!" Fundi alipiga kelele. "Ni kabureta! Ni kab—"

Bubu alikwishafyatua bastola.

Askari wakamiminika kutoka kwenye lori lililoegeshwa kituoni. Bubu akaangushwa chini, Bwana Saa akatolewa kwa kola. Fundi aliachwa sekunde chache akiwa amemkumbatia shemeji yake kutoka nyuma ya kiti.

"Nilikuombea msamaha na wewe," Shemeji alisema. Damu ilikuwa imefika mkandani. "Askari walikubali. Lingekufa lenyewe... nani angelaumiwa?"

Kichwa chake kikalegea mikononi mwa Fundi.

Saa 4:52.

Fundi alikaa ukingoni mwa barabara, pingu mikononi. Mwili ulikuwa umeshaondolewa. Ofisa mmoja aliinama mbele yake.

"Tuliambiwa tusubiri mlio, halafu gari lizimike lenyewe. Lina hitilafu gani?"

"Halina," Fundi alisema.

Ofisa hakuamini. Aliingia, akageuza ufunguo ili alisogeze pembeni. Likawaka mara moja, likatulia, bila hata kikohozi, na Fundi akaangua kilio mbele za watu.