Siku Tisa za Bi Mwanaima

Maiti ilikuwa imelala ubavu wa kulia, imeelekezwa kibla, ndani ya sanda iliyooza. Vibarua waliifukua walipokuwa wakichimba mtaro katika shamba la mahindi, Ramisi. Inspekta Fauzia alichuchumaa, akaliona jino la dhahabu. Ni Salimu, mwenye shamba.

"Lakini Salimu alichukuliwa na mto, afande," Konstebo Tembo alinong'ona. "Mafuriko ya Novemba. Mjane ameshapewa msaada wa maafa, wa shamba na wa mtu."

"Mto haujui kibla, Tembo. Wala haukati sanda."

Daktari wa serikali alikuta fuvu limepasuka kisogoni. Pigo moja, la kitu butu.

Jirani, Mbodze, muuza mahamri, hakungoja kubembelezwa.

"Sipendi kusengenya, mwanangu, lakini mjane yule ana bwana."

"Umemwona?"

"Bwana sikumwona. Niliona hina! Eda bado siku tisa, mwenzangu ashaoga, kajifukiza udi, huyoo sokoni!"

"Nani alihesabu?"

"Sote! Tangu siku ya mto, miezi minne na siku kumi. Watu wana macho, ati."

Fauzia alihesabu siku kwa vidole. Jua la saa sita li utosini.

Akiwa na Tembo, alimkuta mjane, Mwanaima, ukumbini. Dirisha la upande wa shamba lilikuwa limezibwa kwa udongo.

"Shikamoo, Bi Mwanaima."

"Marahaba, mwanangu."

"Dirisha hili?"

"Upepo."

"Eda ulitoka lini?"

"Ilipokwisha."

"Majirani wasema uliivunja. Wasema una mume mwingine."

Mwanaima aliinuka kwa ghadhabu. "Waongo! Wallahi nilimkalia mume wangu eda kamili! Hata siku moja sikuipunguza!"

"Nakuamini," Fauzia alisema polepole. "Basi Salimu alikufa siku tisa kabla ya mto kufurika."

Mwanaima aliketi tena. Nje, majembe yalikuwa yamenyamaza.

"Serikali niliweza kuidanganya," alisema. "Mungu ningemdanganya vipi?"

"Ulimpigia nini?"

"Maafisa walikuja kuandika mashamba yaliyokufa kwa ukame. Nikaandikisha letu. Yeye akasema anakwenda kwa chifu kulifuta jina, kwamba mahindi yetu yalipona. Yalipona! Magunia mawili, watoto saba! Akavaa kofia yake, akanipa mgongo. Mchi nilikuwa nao mkononi."

"Na mafuriko?"

"Nilisema amesafiri, yuko Vanga. Mto ulipokuja, watu wenyewe wakaniambia: masikini, amechukuliwa akirudi. Wakaniletea fomu, wakanishika mkono nitie dole. Sikukanusha."

Alilitazama lile dirisha.

"Nilimwosha mwenyewe. Nikamsalia mwenyewe, watoto wako chuoni, wakisoma Kurani. Tangu siku ile kila alfajiri namsikia akipita mistarini mwa mahindi. Hanilaumu. Auliza tu: jamaa zangu wako wapi, mbona hawaji kunisalia?"

Tembo alitoa pingu. Mwanaima alinyoosha mikono, macho yake kwa Fauzia.

"Sala ya mtu mmoja, mwanangu. Tena mtu mwenyewe ndiye mimi. Yafika?"

Fauzia alizichukua pingu, akamfunga yeye mwenyewe.

"Tembo," alisema, "nenda msikitini. Waambie leo kuna sala ya janaza."