Nusu ya Wanu

Wanu alikata boflo lake katikati, akala kipande kimoja, cha pili akakisukuma mbele ya baba yake. Mkato ulinyooka kama uliopimwa.

"Nshashiba, baba."

"Mtoto wa mwalimu wa hesabu huyo!" Mwatima, mama yake, alicheka. "Hata mkate anaupima kwa rula."

Mwalimu Machano naye akacheka. Wanu alikuwa mtoto wao wa pekee, wa miaka saba, na asubuhi ile ndiyo kwanza ainuke kitandani baada ya homa ya siku tisa.

Kesho yake alikula nusu ya ile nusu. Siku ya tatu, nusu ya robo. Na kila alipoondoa mkono kwenye sahani, chumba kilinuka zafarani na wino mkongwe, na ndani ya ukuta ikasikika kalamu ya tete ikikwaruza mara moja, kisha kimya.

Siku ya tano sauti ya Wanu haikufika mlangoni. Alasiri aliposimama dirishani, watu wote chini kwenye uchochoro walikuwa na vivuli virefu, na chake kilikuwa kifupi kuliko cha paka aliyelala miguuni pake.

"Mama Wanu," Machano alinong'ona, "ulimpa dawa gani?"

"Si dawa. Nilimwandikia kombe. Nilichukua kile kitabu chako cha dua, nikanakili ukurasa mmoja kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, nikauosha kwa maji ya marashi, akanywa. Homa ikashuka papo hapo. Kwani nimekosa nini?"

Machano akakaa chini.

Hakikuwa kitabu cha dua. Miaka miwili nyuma, mwaka 1966, walipewa vyumba viwili katika nyumba ya Kiponda ambayo wenyewe walikuwa wamehama baada ya Mapinduzi. Ndani ya kidaka cha ukutani alikuta kitabu cha hesabu cha Kiarabu, kilichopigwa chapa Ulaya zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, kimejaa mistari na maumbo, kizuri kuliko kitu chochote alichowahi kushika. Vitu vya namna hiyo vilitakiwa vipelekwe serikalini. Hakukipeleka. Alikifunga kitambaa, akakiweka juu ya kabati pamoja na msahafu, na Mwatima alipouliza, akamwambia ni cha dua. Mwatima alijifunza herufi katika chuo cha Kurani akiwa mdogo, lakini Kiarabu chenyewe hakukijua. Alimwamini mumewe.

Ijumaa Machano alimleta Maalim Kificho, mganga wa kitabu, kutoka Mangapwani.

"Shikamoo, Maalim," Mwatima alimpokea.

"Marahaba, mwanangu. Nionesheni hicho kitabu."

Ukurasa alioufungua Mwatima ulikuwa mweupe. Mstari uliochapwa pale haukuwepo tena. Pembeni tu palibaki mwandiko wa mkono, na Maalim akausoma polepole: "Nimemfunga jini huyu kwa hesabu. Aukate mstari huu nusu, kisha nusu ya nusu, mpaka uishe. Ukiisha, yu huru."

Akakifunga kitabu. "Jini alikuwa na kazi yake humu, hakumdhuru mtu. Kazi hiyo mmeihamishia kwa mtoto."

"Mtoe!" Mwatima alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba ukuta unasikiliza. "Muulize anataka nini. Mbuzi, ng'ombe, tutatafuta."

Maalim alifukiza ubani, akainama kwenye sikio la Wanu, akasoma, akanong'ona, akanyamaza, akanong'ona tena. Alipoinuka kanzu yake ilikuwa imelowa jasho.

"Aliyenyweka hatoki," alisema. "Lakini nimemuapisha asimmalize mtoto. Ameapa. Sijapata kuona jini aliyeapa upesi namna hii."

Mwatima alimbusu Maalim mkono huku akilia kwa furaha. Machano hakusogea. Kila mwaka aliwachorea wanafunzi kamba ubaoni, akaikata nusu, na nusu yake nusu, na kila mwaka watoto walipiga makofi kwa mshangao walipotambua kwamba kamba ile haitafika sifuri kamwe.

Kitabu alikichoma uani jioni ile. Kalamu haikunyamaza.

Hiyo ilikuwa Rajabu, na sasa Ramadhani imeingia, na kila adhuhuri Machano akirudi kutoka skuli hukuta majirani sebuleni na sanda iliyokunjwa, wakimsihi kwa upole kwamba pumzi haipo, mapigo hayapo, mtoto astiriwe, naye huwapita, akapiga magoti kando ya kitanda, akalaza sikio juu ya mdomo wa bintiye uliopoa, akaita:

"Wanu!"

Hungoja, huku mkewe amemshika bega.

"Baba Wanu, umesikia? Nambie umesikia."

"Naam, baba." Sauti ya Wanu ni nyembamba kama unywele, nusu ya ile ya jana. Hakuna mwingine anayeisikia. Na nyuma yake, karibu zaidi kuliko jana, kalamu inakwaruza.

"Ameitika," Machano humwambia mkewe. "Hawezi kuzikwa."