Kinanda Kilichochelewa Kujibu

Mastura wa mtaa wa Mabawa alikuwa na kazi mbili. Asubuhi alishona nguo barazani kwake. Jioni alipiga kinanda katika kikundi cha taarabu cha akina mama. Cherehani ilimlisha, kinanda kilimfurahisha.

Mwezi ule alikuwa na jambo zito. Shangazi yake, Bi Saleha, alikuwa na uvimbe kooni. Jumatatu angesafiri kwenda Dar es Salaam kupasuliwa. Daktari hakumficha: uvimbe utatoka, lakini sauti huenda isirudi. Na Bi Saleha ndiye pekee aliyebaki akiujua wimbo wa kumkabidhi mwali, aliofundishwa na mama yake kule Pangani. Tuhfa, binti yake Mastura, alikuwa aolewe baada ya miezi miwili. Mastura akaapa kwamba wimbo ule utarekodiwa kabla ya Jumatatu, liwalo na liwe.

Ijumaa walijaribu. Mastura alichomeka kinanda kwenye kompyuta yake. Mle ndani mlikuwa na programu ya muziki ya wizi, aliyowekewa na fundi mmoja kutoka kwenye flashi. Kompyuta ilijaa virusi, nzito kama gunia la nazi. Kila akibonyeza, sauti ilichelewa kidogo. Kwenye muziki, kidogo hicho ni kingi. Mastura naye alishajizoesha kuwahi: alibonyeza kabla ya wakati ili sauti ifike kwa wakati. Ujanja gani huo jamani!

Bi Saleha aliimba ubeti mmoja, akanyamaza angoje kinanda kimjibu, kama ilivyo ada. Jibu likaja, mara mapema, mara limechelewa.

"Mwanangu, kinanda hiki kinanijibu kama mtu aliyenuna," alisema. "Siimbi tena. Sauti yenyewe hii naimba kwa kuibania."

Mastura aliumia, lakini hakulia. Alijifunga kanga kiunoni akaenda kwa jirani yake Kristina, mwalimu wa kompyuta aliyehamia kutoka Pongwe.

Kristina alianza kwa kunakili picha na nyimbo zote kwenye hadisiki ya nje, zisipotee. Kisha akaifuta kompyuta, akaweka mfumo uitwao Linux. Mastura akauliza kama nao umeibwa. Kristina akacheka, akamweleza kwamba huu ni mfumo huria. Walioutengeneza wameruhusu kila mtu autumie, aunakili, hata aurekebishe, bila malipo. Programu ya kurekodia nayo ni hivyo hivyo. Ila mtaka cha uvunguni sharti ainame, akaongeza. Mastura itabidi akae chini ajifunze.

Wakajaribu kinanda. Sauti bado ikachelewa.

"Dada, kompyuta huchota sauti kwa ndoo," Kristina alisema. "Ndoo kubwa huchelewa kujaa, na sauti nayo huchelewa. Ndoo ndogo hufika upesi. Ikiwa ndogo mno, mchotaji huchoka, sauti ikakwaruza."

Akamwonyesha mahali pa kuchagua ukubwa wa ndoo. Ilikuwa 1024. Mastura akaweka 64, sauti ikakwaruza. Akapandisha 128, ikatulia. Sasa alibonyeza na sauti ikatoka papo hapo. Jumamosi nzima cherehani ililala, na Mastura akapiga kinanda mpaka vidole vikauma.

Jumapili asubuhi walifunika madirisha kwa mablanketi kuzuia kelele. Maikrofoni ilichomekwa kwenye kisanduku cha sauti, na kisanduku kwenye kompyuta. Bi Saleha alivaa spika za masikioni, ili sauti ya kinanda isiingie kwenye maikrofoni yake. Akaimba. Mastura alisisimka mwili mzima. Ubeti wa mwisho, vidole vyake vikakumbuka tabia ya zamani, vikawahi. Bi Saleha hakuyumba, akaimba hadi mwisho. Alipomaliza, sauti ilikuwa imekauka.

Mastura akashika kichwa. "Nimeuharibu."

"Hujauharibu," Kristina alisema. "Waya wa kinanda hauleti sauti. Unaleta ujumbe: umebonyeza wapi, lini, kwa nguvu gani. Ujumbe huo unaitwa MIDI, na unarekebishika. Sauti ya bibi iko peke yake, haiguswi."

Kwenye kioo cha kompyuta kila mbonyezo ulionekana kama kijiti kifupi. Kristina akanyoosha mkono avisogeze. Mastura akamzuia, kwa kuwa mkono uliokosea ulikuwa wake. Akavisogeza mwenyewe, kimoja kimoja, mpaka vikakaa kwa wakati. Kisha wakahifadhi wimbo kwenye kompyuta na kwenye hadisiki, na hadisiki ikakaa kwa Kristina. Nyumba moja ikipata balaa, nyingine inao.

Bi Saleha alirudi salama, sauti ikiwa mnong'ono tu. Kwa miezi miwili Mastura alishona huku wimbo ukipigwa pembeni, na Tuhfa akipita pita.

Siku ya harusi wimbo ulitoka kwenye spika. Ubeti ulipoisha, Bi Saleha akainua kidole, akingoja. Kinanda kikajibu. Akakishusha kidole gotini kwa Mastura.

"Leo hakikununa," akanong'ona.

Kwa ada yao, mwali haimbi siku yake. Lakini ubeti wa mwisho sauti nyembamba ilisikika chini ya mtandio. Tuhfa alikuwa anauimba wote, neno kwa neno. Bi Saleha akaacha kutazama spika, akamtazama mwali.