Dohani Ilitazama Bondeni

Wieland Tröger alilala chali chini ya meza ya kazi, kisogo kimepasuka. Juu yake, kwenye pembe ya jiliwa, kibanio kizito cha chuma, damu ilikuwa imegandana na mvi zake. Kwenye meza ulisimama mlima wa plasta, na mlimani treni ndogo ya mizigo, kazi ya mikono yake mwenyewe.

"Aliyemkuta ndiye aliyemuua," mkubwa wa kituo alimwambia Inspekta Kerstin Uhlig kabla hata kahawa haijapoa.

Aliyemkuta ni Zacarias Muianga, msafishaji wa klabu ya treni za mfano. Ana funguo. Ana damu mikononi. Na ana ngozi ambayo mji ule wa Saksonia haukuwahi kuisamehe tangu alipoletwa kutoka Msumbiji mwaka 1982, kijana wa miaka ishirini, kuwashonea viatu watu walewale. Gazeti lilimtaja ukurasa wa kwanza. Siku mbili sasa yuko mahabusu. Kesho saa tatu asubuhi hakimu angetia saini apelekwe rumande, na nani angehangaika naye tena?

"Damu ilikupataje, Bwana Muianga?"

"Nilimwinua. Nilidhani bado anapumua. Nyinyi mngemruka?"

"Uligusa treni?"

"Treni? Afande, hata vumbi lake siruhusiwi kulifuta! Wenyewe huvaa glovu nyeupe, utadhani wanamzalisha malkia."

Uhlig alirudi klabuni, akainama mpaka macho yakalingana na reli. Mabehewa yote yalikuwa na matone ya damu upande wa jiliwa. Lakini kichwa cha treni, mfano wa garimoshi la mizigo la enzi za vita, urefu wa shubiri moja, kilikuwa safi upande huo. Matone yake yalikuwa upande wa ukutani.

"Damu haikati kona," alimwambia mtaalamu wa maabara.

"Basi kiligeuzwa, afande. Baada ya kipigo. Hakina alama hata moja ya kidole. Nyuzi za pamba tu."

Glovu. Muianga alikamatwa mikono mitupu, imelowa damu. Angekigusa kingejaa alama.

Nani anasimama kando ya maiti ageuze mfano wa treni? Uhlig alitazama picha ya mlima ule iliyopigwa Jumamosi, kabla ya kifo: dohani, bomba la moshi la kichwa cha treni, ilielekea juu mlimani. Sasa ilitazama bondeni. Kibao mbele yake kilisema: *Ajali ya mteremkoni, 1977. Dereva mlevi.*

Aliomba faili la ajali. Dereva: Gotthard Reissig. Mwanachama wa klabu.

Alimketisha Reissig mbele yake jioni ileile.

"Dereva gani hupenda kushuka dohani ikitangulia?"

"Maji ya boila yakiwa machache? Hakuna. Yanakimbilia mbele, paa la tanuri linabaki kavu. Likipasuka, mvuke unamchemsha mtu hai."

"Faili linasema dohani ilielekea juu. Eti ulilewa, ukasahau maji."

"Faili aliliandika Tröger! Alikuwa mkuu wa karakana. Kioo cha kupimia maji kilikuwa kibovu, niliripoti mara mbili. Akaniambia, shuka hivyohivyo, dohani mbele, mpango wa mizigo wa mwezi haungoji. Mchochea makaa wangu, Henner, alikuwa na miaka ishirini na miwili. Ngozi yake ilibaki kwenye koti langu."

"Ukafungwa wewe."

"Miaka minne. Tröger akapewa nishani."

"Na Muianga?"

"Yule hana kosa."

"Mimi najua. Hakimu hajui. Ulikaa ndani miaka minne kwa kosa la mwingine, Bwana Reissig. Gazeti la jana ulilisoma?"

"Nililisoma."

"Ukafanya nini?"

"Nikalikunja."

Mzee alijitazama mikono kana kwamba ni ya kuazima.

"Andika," alisema. "Nilimwomba akitoe kile kibao. Akacheka. 'Gotthard, watoto wanapenda kisa chenye mlevi.' Nikamsukuma. Akaangukia jiliwa."

"Hukuita gari la wagonjwa?"

"Nilikuwa naenda kwenye simu. Halafu nikakiona kile kichwa, kimesimama vile alivyodanganya. Nikavaa glovu. Nikakigeuza kama kilivyokuwa siku ile."

"Tröger alikuwa bado anapumua?"

"Sikumtazama."

Alitia saini. Kwenye korido walikutana na Muianga, anarudishiwa mkanda na kamba za viatu.

"Zacarias," Reissig aliita. "Nisamehe."

Muianga alifunga kiatu kimoja, akafunga cha pili, bila haraka.

"Mzee, wewe ulipotoka jela, ulitaka nini?"

"Mtu mmoja tu. Aseme mbele za watu kwamba sikufanya."

"Waandishi wamejaa pale nje tangu mchana. Nenda kaseme."

Reissig alizitazama pingu zake, akamtazama Uhlig. Uhlig akaufungua mlango wa mbele.